Jina la Kanga na Kioo cha Ukutani

Jumanne, 3 Juni 2003

Bi Rawiya kanipita barazani leo, kanitupia salamu kama anayewatupia kuku mtama. Ati wageni wake sasa wanamwona kwenye intaneti. Intaneti! Mwanamke aliyeshindwa na jiko la umeme. Nyumba yake na yangu zinatazamana hapa Kiponda, mlango kwa mlango, zote za kulaza wageni, na wageni wote wanaingia kwake. Kwenye kunguni! Nilimwazima godoro langu sikukuu iliyopita, nyumba ilipomfurika. Shukrani sijaiona.

Nimemwita mjukuu wangu Faiza. Kaitika naam Bibi, kaja. Nikamwambia si umesomea kompyuta, basi nataka ukurasa wa nyumba yangu, mkubwa kuliko wa Rawiya. Kasema ukubwa si hoja, hoja ni ukae sawa kwenye kila kioo, maana vioo vya kompyuta vyengine vidogo, vyengine vikubwa, na iko siku watu watautazama kwenye simu. Nimemwambia asinichezee shere. Simu ni ya kuzungumzia.

Lakini kafurahi. Kuna Bwana Azzan, meneja wa hoteli moja Kiwengwa, anatafuta mtu wa kumtengenezea kurasa. Jumatatu atatazama kazi za vijana kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Faiza hana nyengine ya kumwonyesha, ataonyesha yangu. Inshallah apate. Tangu amalize masomo yumo ndani tu, anahesabu boriti.

Alkhamisi, 5 Juni

Nimeamua ukurasa uwe kanga. Pindo pembeni, mji, ule uwanja wake, katikati, vyumba vyangu ndani ya mji. Faiza kasema wazo zuri. Bila shaka zuri, ni langu.

Nikampa kanga yenyewe aipige picha. Kaitandaza, kasoma jina lake, kanitazama. KUNGUNI SI MFUGO. Niliinunua Darajani mahsusi kwa ajili ya Rawiya. Kila nikipita mlangoni kwake namgeuzia mgongo asome.

Faiza kasema jina atalikata. Nikasema likatwe kwa nini, kanga bila jina ni shuka. Kasema Bibi, hii ni nyumba ya wageni, mgeni akisoma kunguni atalala? Kalikata. Mbele ya macho yangu! Watoto wa siku hizi.

Jumamosi, 7 Juni

Faiza kaenda Bwejuu kumtazama shangazi yake. Mimi huyo, kwa Machano, mwenye duka la intaneti ambako Faiza hufanyia kazi yake. Nikamwambia Faiza kasahau jina la kanga, alirudishe. Uongo mdogo. Machano kauliza una hakika, Bi Mwanakheir? Nikamwuliza shikamoo hujanipa, tayari unanihoji? Kanipa shikamoo, kalirudisha.

Kompyuta ya Machano ina kitambi nyuma na kioo kidogo mbele. Nikatazama. Pindo la juu, vyumba vyangu, mlango wangu wa njumu za shaba, basi, kioo kimekwisha. Jina halionekani! Liko chini huko, mpaka uuvute ukurasa. Mambo hayo. Sawasawa na kuivaa: jina liko nyuma, unamgeuzia umtakaye. Mgeni atavuta kwa lipi? Nitamvutia Rawiya peke yake.

Nimemwalika ukumbini Jumatatu. Kwanza auone uzuri, aumie. Kisha nimpeleke kwa Machano nimvutie chini, aumie tena.

Jumatatu, 9 Juni

Uso unaniwaka mpaka sasa.

Ukumbini sikuona kompyuta ya kitambi. Mezani pana kijisanduku kinatupa mwanga ukutani. Nikamwuliza Rawiya kioo kiko wapi. Kasema kioo ndio huo ukuta.

Ukuta mzima!

Faiza kasimama na buibui lake jipya. Kabonyeza. Kanga yangu ikajitandaza ukutani kama imeanikwa. Yote, juu mpaka chini. Hapana cha kuvuta. Vyumba vyangu, mlango wangu, na chini yake herufi nene kama magogo. KUNGUNI SI MFUGO.

Watu wakacheka. Bwana Azzan hacheki. Kauliza nyumba hii ina kunguni? Faiza kautazama ukuta, kisha kanitazama mimi. Alijua. Nikavitazama viatu vyangu.

"Kosa langu," kasema Faiza. "Nimeutazama kwenye kioo kimoja tu."

Bwana Azzan kasema asiyejua ukurasa wake una nini, yeye hawezi kumpa hoteli. Faiza kakusanya vitu vyake.

Ilinipasa nisimame niseme. Magoti yangu mazima, asubuhi nilipanda ngazi mpaka juu kuanika mashuka. Sikusimama.

Na Rawiya, niliyemleta aumie, hakucheka. Kaniinamia sikioni.

"Mwanakheir, kunguni wamekuja na godoro lako. Sikukwambia. Nilikuonea haya."

Jumanne, 10 Juni

Faiza kanipikia uji. Kanipa shikamoo yake kama kawaida, kanitilia na sukari. Afadhali angenigombeza. Karudi kukaa chumbani na boriti zake.

Nimelipindua godoro langu la kulalia, pacha wa lile nililoazimisha. Nimekagua mishono. Nilichokiona sikiandiki.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Azzan, kwenye ofisi yake ya mjini, Shangani. Sikumuaga mtu. Njiani nilitaka kurudi, nikarudi, nikageuka tena. Watu wa Mkunazini wamedhani nimepoteza kitu.

Nikamwambia jina nililitia mimi. Mtoto alilikata, mimi nikalirudisha kwa siri. Na kunguni ni wangu, si wa jirani. Maneno yalinitoka kama mwiba wa samaki changu kooni. Kachukua kikombe chake cha kahawa, ananitazama tu. Yale macho yakanishinda, basi nikaongeza kwamba naye ana lake, mwanamme mzima kuanika kanga ya mwanamke ukutani mbele za watu!

Hapo kacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. Kasema Faiza arudi Ijumaa baada ya sala, na ukurasa unaokaa sawa kila mahali.

Nilipomwambia, Faiza kanibusu mkono. Nikamwambia aache, anajichelewesha.

Ijumaa, 13 Juni

Kaipata kazi! Alhamdulillahi.

Ukurasa wake wa majaribio una akili kuliko watu. Kioo kikiwa chembamba, picha zinafuatana moja nyuma ya moja, kama wanawake wanaopita uchochoroni. Kikiwa kipana, zinajipanga safu kama wamefika uwanjani. Bwana Azzan kautazama kwenye kioo cha Machano, kautazama ukutani. Hakikukatwa kitu, wala hakikutokeza kisichotakiwa.

Magodoro yote mawili, langu na lile nililomwazima Rawiya, nimeyatoa, yamechomwa. Kanga nimeikunja, nimeifungia kabatini, ufunguo nimempa Faiza. Basi tena. Aibu ya ukutani imenifunza.

Jioni Rawiya katuletea visheti vya kumpongeza mtoto. Nimempokea vizuri, nimemkalisha, nimemwomba radhi kimoyomoyo. Kala kidogo, kaenda zake.

Visheti vigumu! Jino langu la pembeni limecheza. Mtu mwenye nia njema hakaangi visheti kama kokoto.

Nimemwuliza Faiza, kwa upole tu, kama mtu anaweza kuandika maneno meupe juu ya ukurasa mweupe. Kaiweka chini sahani ya visheti. Kasema inawezekana, Bibi, lakini ya nini? Kioo kiwe kidogo, kiwe kikubwa, hapana atakayeyaona.

Ndiyo maana yake! Rawiya nitakuwa nimemwambia, na hapana atakayejua.

Asubuhi nnakwenda kwa Machano.