Sababu ya Kuomba Kibali cha Kubeba

Jumatatu, 4 Machi
Kazi nimepata! Ofisi ya vibali vya silaha inataka fomu yake ya karatasi iwe ya mtandaoni. Maswali ishirini na mawili. Kazi ya siku mbili, ya tatu napiga miayo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia Mkuu wa ofisi hivyo, ndipo akaingia karani atakayenielekeza sheria. Mjane, miaka arobaini hivi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akanisalimia kana kwamba huniona kila siku na jana tu ndiyo alinikosa. Nikamwambia Mkuu wiki mbili. Huenda tatu.

Jumanne, 5 Machi
Karani amenifundisha. Kibali cha kumiliki si kibali cha kubeba. Mwenye cha kumiliki anaiweka bunduki nyumbani, ndani ya sefu iliyokazwa ukutani, basi. Anayetaka kubeba lazima aeleze sababu, alete cheti cha mafunzo, barua ya daktari na wadhamini wawili wasio ndugu zake. Nilielewa mara ya kwanza. Nikasema sijaelewa. Akarudia, kidole chake kikitembea polepole juu ya karatasi, nami nikitamani ningekuwa kifungu cha nne. Mara ya tatu akauliza kama jana nililala vizuri. Kujali kulikoje! Dada yangu mkubwa, ninayekaa kwake tangu mke aliponiacha, amesema bila kuinua macho kwenye cherehani kwamba mjinga wa kujifanya na mjinga wa kuzaliwa hulala kitanda kimoja. Hana moyo.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya. Kila swali jipya linahitaji idhini yake. Kwa hiyo naongeza maswali! Leo yamefika arobaini na saba. La thelathini na tisa: "Nani humngoja mwombaji jioni?" Alilisoma, akavua miwani. Akasema sheria haitaki kujua nani anamngoja nani. Kisha akasema, kama anayezungumza na dirisha, kwamba yeye tangu marehemu aondoke hungojwa na redio tu. Huiacha imewashwa asubuhi, ili akifungua mlango akute sauti ya mtu.

Nimerudi kwa miguu. Nimelipita lango letu bila kujua. Hata mimi nina sauti, nilitaka kusema. Swali nimelifuta kama alivyoagiza. Nimelinakili hapa.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa lina masharubu. Mkufunzi wa shabaha, yule anayesaini vyeti vya mafunzo, alikuja kuhuisha kibali chake cha kubeba. Bastola kiunoni, manukato hadi kwenye ngazi. Akasimulia kisa cha mbuzi aliyeingia uwanja wa shabaha, na Karani akacheka mpaka akajifuta macho. Mbele yangu hajawahi kufika hata nusu ya hapo! Mkufunzi akaniuliza mimi hubeba nini. Nikajibu kalamu. Karani akacheka tena. Au alikohoa.

Nimeamua. Nitaomba kibali cha kubeba. Najua, puto likipasuka naruka. Lakini bunduki siitaki. Ninachotaka ni mahojiano. Kanuni inasema karani humhoji mwombaji ana kwa ana, dakika arobaini, mlango umefungwa. Dakika arobaini!

Jumatatu, 11 Machi
Nimejaza ombi, la kwanza kabisa kupita kwenye fomu yangu. Asubuhi daktari alinipima, akauliza mikono inatetemekea nini. Nikamwambia ukweli. Akaandika "chanzo hakijulikani". Wadhamini: kinyozi wangu, na jirani asiyejua kwamba ni mdhamini. Kila kitu safi hadi kwenye "Sababu ya kuomba". Fomu haikubali nafasi tupu. Ukali huo niliuweka mwenyewe. Nikaandika chochote, kwa nia ya kufuta baadaye: "Ili Karani anitazame anavyomtazama mwenye masharubu. Ili jioni akifungua mlango anikute mimi."

Nikabonyeza Hifadhi. Haikuwa Hifadhi. Vitufe viwili nilivipaka rangi moja kwa sababu ilipendeza. Ombi limekwenda kwa Karani, kwa Mkuu, na kwa Mkufunzi anayethibitisha mafunzo. Nilipanga hivyo kwa ajili ya uwazi. Uwazi!

Jumatano, 13 Machi
Waliniita. Mkuu alisoma sababu yangu kwa sauti, taratibu, kama hati ya mashtaka, akauliza ni kifungu gani cha sheria kinachohusu masharubu. Mkufunzi alitazama dari, kisha akashauri kwa upole kwamba mwenye mikono kama yangu asipewe hata manati. Ombi limekataliwa. Fomu irudi kwenye maswali ishirini na mawili kufikia kesho, la sivyo kazi apewe mwingine. Karani hakuinua uso.

Akanifuata koridoni. Naandika neno kwa neno.

"Fundi, yule Mkufunzi ni shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu."

Nikasema sikujua.

"Ungeuliza. Wiki nzima unaniuliza habari za waombaji ambao hata hawapo. Mimi hujaniuliza kama nakunywa chai."

Akavaa miwani.

"Ijumaa natoka saa kumi. Nitakaa kwenye benchi la nje. Njoo na mdomo wako tu."

Mdomo wangu tu!

Ijumaa, 15 Machi
Fomu ya vibali nimeikabidhi. Mkuu amesaini. Sasa la leo. Mdomo wangu nimeutafakari siku mbili. Hauaminiki. Ukiachwa peke yake utasema hali ya hewa. Kwa hiyo nimetengeneza kitu kifupi, maswali thelathini na moja: Ombi la Kunywa Chai Pamoja. Nikamtumia kwenye simu saa kumi kasoro dakika tano, nikakaa dirishani mwa duka la kompyuta ng'ambo ya barabara, nione anavyojaza.

Alitoka saa kumi kamili. Mtandio mpya, rangi ya chungwa. Akakaa, akaweka mkoba pembeni yake. Kisha akauondoa, pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Akasoma simu. Akatazama barabara, kulia, kushoto. Saa kumi na nusu alikuwa swali la nne. Saa kumi na moja kasoro robo akatia simu mkobani, akasimama, akakaa tena kidogo, akaenda zake.

Nimelitazama lile benchi hadi mwenye duka aliponiambia anafunga. Kosa nimeliona. Swali la tano linadai kiambatisho, na pale benchini angekitoa wapi? Nitaliondoa, nimtumie upya Jumatatu. Thelathini yanatosha.