Nyumba Iliyonisahihisha

Jumatatu, 2 Machi
Madam Soipan, bosi wetu wa kuuza nyumba hapa Kitengela, anatafuta sauti ya video ya nyumba mpya ya Isinya. Nilisoma sentensi moja tu ya Kiingereza. Mwenzangu Hillary akanikata mbele ya wote. Eti nyumba ya starehe haiitwi "komfoteibo". Husemwa "kamftabo", silabi tatu, na ndani yake hamna "teibo", yaani meza. Ofisi nzima ikacheka. Sawa. Hillary lazima awe mbali wiki hii.

Jumanne, 3 Machi
Nimemtuma Hillary mbali, hadi Ewuaso Kedong, kwa mteja anayeitwa Omolo, anayetaka ekari tano. Omolo hayuko. Nilimbuni nikinywa chai.
Mimi nikaenda Isinya kufanyia mazoezi kwenye nyumba yenyewe. Tupu, haina hata pazia. Nikasimama sebuleni, nikasema: komfoteibo. Mwangwi ukarudi vilevile. Nikarudia. Safari hii ulichelewa kidogo, kisha ukasema: kamftabo. Sauti ya mwanamke, ya upole. Ilitoka ghorofani.

Jumatano, 4 Machi
Nilirudi na Lemein, mlinzi wa pale. Alikataa kuvuka mlango.
"Hiyo nyumba hakuna mtu amewahi kulala ndani," aliniambia. "Sasa jana ulikuwa unatembea na nani huko juu?"
Nikamwambia sikupanda juu. Niliondoka mapema, nilikuwa na shughuli.
Hillary amerudi akiwa na furaha. Amempata Omolo. Anazitaka ekari zote tano.

Alhamisi, 5 Machi
Siku ya kurekodi, sote Isinya. Nikavuta pumzi, nikajikumbusha silabi tatu, nikatamka: komfoteibo.
Kutoka ghorofani, polepole, kama mwalimu aliyechoka: kamftabo.
Wote walisikia. Hillary alipanda ngazi, akashuka mbio. Vyumba vyote vimefungwa kwa nje, alisema. Madam Soipan alirudia kusikiliza rekodi, akasema hiyo ndiyo sauti anayoitaka. Ni ya nani?

Ijumaa, 6 Machi
Nimemwambia Madam ni yangu. Niko na kipaji cha kuitoa sauti mahali ambapo sipo. Ameamini. Kazi nimepewa mimi.
Hillary hataki tena kuikanyaga nyumba ile, kwa hivyo kesho narekodi peke yangu, hukohuko ghorofani. Imebaki sentensi moja: nyuma ya nyumba kuna shamba dogo la mboga, yaani "vejeteibo".
Neno jepesi. Hilo halihitaji mazoezi.