Rilei ya Honi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gari halikuwaka. Nimelibembeleza, nimelitukana. Kimya! Siku zote ukigeuza ufunguo linasema ta! kisha pampu ya petroli inavuma kule nyuma, mvumo mdogo, kama mtu anayekubali jambo shingo upande. Marehemu mume wangu alinifundisha kuusubiri mvumo huo ndipo niwashe. Leo haukuja. Nikakaa kwenye usukani kitambo. Sijui nilikuwa nalisubiri gari au namsubiri yeye.

Akaja fundi wa umeme wa magari hapa mtaani. Tunamwita Miwani, maana huivaa kwenye paji la uso na kuitafuta siku nzima. Kasema ni rilei, kidude cheusi kidogo kuliko kiberiti, kinachopeleka umeme kwenye pampu. Imekufa. Ninunue halisi, kasema, nisije nikaokota takataka. Eti nisije! Nimelea watoto sita, huyu ananifundisha kununua.

Alhamisi lazima gari liwake. Mdogo wangu anapasuliwa jicho. Mara tatu amekubali, na mara tatu asubuhi imefika akajifungia chumbani. Safari hii ametoa sharti: nimpeleke mimi, kwenye gari la shemeji yake. Teksi hataki hata kuisikia. Gari likigoma, jicho limekwenda.

Jumanne, tarehe 4

Duka la vipuri halisi. Bei ile! Nikamwuliza muuzaji kama hicho kidude kinapika pia. Hakucheka.

Nje kuna kijana mwenye meza na ndoo nzima ya rilei. Nikapekua. Nyeusi, kama yetu. Miguu minne, kama yetu. Nyepesi kidogo, lakini hata mimi nimepungua. Akaniita bi mkubwa, akaapa zote zinatoka kiwanda kimoja. Mtu mwenye adabu hivyo atadanganyaje?

Nikaichomeka mwenyewe. Ta! Mvumo! Nikapiga kigelegele peke yangu uani. Miwani akachungulia, akauliza nimenunua wapi. Nikasema dukani. Meza nayo ni duka, halina mlango tu.

Jumatano, tarehe 5

Nimelijaribu gari. Robo saa tu, likazima njia panda. Nyuma yangu honi, matusi, mmoja kaniambia nikalale. Nikafungua boneti. Rilei inachoma kama pasi, inanuka plastiki. Ikapoa, likawaka. Ikapata moto, likazima. Nimerudi nyumbani kwa vituo, kama mgonjwa wa pumu.

Nikainama juu ya kisanduku cha rilei, nikawaza. Kumbe pembeni yake kuna pacha wa ile iliyokufa! Rilei ya honi. Tarakimu zilezile juu yake, nimezifuata moja moja kwa kidole. Tena inang'aa, haina hata alama ya moto. Nikaelewa. Mume wangu hakupiga honi. Miaka ishirini, mtu akimziba njia, yeye anasubiri, anasema huyo naye ana kwake anakokwenda. Ustaarabu wake wote umekaa humo, haujatumika.

Nikazibadilisha. Yake kwenye pampu, ya mezani kwenye honi. Honi ni kitu gani? Mimi sauti ninayo. Nimezunguka saa nzima, halijakohoa hata mara moja. Namhurumia Miwani, na ufundi wake wa kusomea!

Alhamisi, tarehe 6

Mdogo wangu alitoka mwenyewe na mkoba wake. Njiani kanishika mkono juu ya gia, kila nikibadilisha tunabadilisha wote wawili. Tulipofika geti la hospitali akasema leo hapana dada, turudi.

Mbele yetu kulikuwa na mtu na toroli. Nikagusa honi. Kidogo tu.

Haikunyamaza.

Nikapiga usukani. Nikazima gari. Ikaendelea! Mlinzi anakuja mbio. Wauguzi madirishani. Wagonjwa wa macho wote wamegeukia kwetu, hata wasioona. Nikafungua boneti, nikaing'oa rilei kwa mkono mtupu. Vidole viwili vimeungua.

Kukawa kimya. Nikasikia kilio ndani ya gari. Hapana, kicheko! Amejikunja, machozi yanamtoka. Kasema shemeji yake alinyamaza miaka yote ile, leo kayatoa yote kwa mpigo. Akashuka anacheka bado, muuguzi akamshika mkono, wakaingia. Hakugeuka nyuma.

Mimi nilibaki getini na vidole vyangu, nikalia vizuri.

Jumamosi, tarehe 8

Bandeji ya jicho imetoka jana. Leo mdogo wangu kanitazama muda mrefu, mpaka nikaona haya. Akauliza, dada, umezeeka hivi lini? Nikamwambia ulipokuwa umejifungia chumbani. Tukashikana. Nimemkataza kulia, daktari hataki.

Miwani alikuja. Kaipasua kwa maneno ile rilei ya mezani: imeungua ndani, ulimi wa kukata umeme uling'ang'ania, ndiyo maana honi haikukatika. Niitupe, ninunue halisi kwa ajili ya honi. Nikaapa mbele yake.

Alipoondoka nikaigongagonga kwenye jiwe. Kuna kitu kimeachia humo ndani. Ukiitikisa inajibu. Bado ina nguvu, maskini, wanaionea tu.

Na nimeona rilei ya waipa, vile vifagio vya kufuta mvua kiooni, inafanana kabisa na ya honi. Basi ya waipa imehamia kwenye honi, hii nimeipa waipa. Mvua yenyewe haijanyesha mwezi mzima.

Kesho mdogo wangu anataka nimzungushe kutwa, aone kila kitu. Kuna kiwingu kule upande wa milimani. Kidogo tu.