Solange Burdet na Kipande cha Sita Kilichogoma Kuamka

Nyamazeni, enyi mnaotafuna! Wekeni vikombe chini, enyi mnaokunywa, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize! Maana nawapa habari za Solange binti Burdet, fundi wa umeme wa shimo kuu, mwenye bisibisi isiyotetemeka, ambaye akitembea funguo za kiunoni mwake hulia kama njuga za vita. Na jinsi alivyoshuka mita mia chini ya malisho ya ng'ombe, pale Uswisi inapopakana na Ufaransa, akaenda kukabili giza.

Huko chini limelala kigunduzi cha chembe, dude refu kama nyumba ya ghorofa saba, ambalo kazi yake ni kutazama chembe zikigongana na kutunza habari zake. Siku ya Jumanne lilizimwa lifanyiwe matengenezo. Alhamisi likawashwa, na lo! katika vipande vyake kumi na viwili, kipande cha sita hakikuamka. Saa kumi alasiri mwali wa chembe ungerejea, na mwali ukirejea hapana mwana wa Adamu atakayeshuka tena hadi majira ya baridi. Miezi mitano dude lile lingekuwa chongo!

Ndipo likaketi baraza, na Daktari Matthias Ruckstuhl, mkuu wa zamu, bwana wa grafu, akasimama akanena.

"Sanduku la umeme la kipande cha sita limekufa. Nimechora grafu kumi na tisa, zote zinasema hivyo. Tuliache."

Solange akainuka, jibini ingali mkononi. "Limekufa? Nani kalishika mapigo, Daktari? Sanduku lile nimelilea miaka kumi na moja. Nipe saa moja tu."

"Na usipoliamsha?"

"Basi kabati zangu zote za umeme umpe fundi mwingine, na bisibisi yangu uitundike ukutani watu waicheke!"

"Mama wee!" akaguta Ottavio, mwenzake wa kazi, Mwitaliano mwenye masharubu na woga wa lifti. "Dada, unajitia kitanzi bure! Kaa ule."

Lakini sheria ya shimo ni kwamba hashuki mtu peke yake, hivyo Ottavio naye akavaa kofia ngumu, huku akinung'unika kwa lugha mbili. Wakashuka. Wakapita mabomba yanayonguruma na nyaya nene kama mikono ya wapagazi, funguo za Solange zikimgonga pajani, chaka, chaka, chaka, hadi wakasimama mbele ya kabati la kipande cha sita. Taa zake zote zilikuwa zimezima. Shujaa akaona kama macho ya Ruckstuhl yanamtazama kupitia mita mia za udongo.

Akapima nyaya: nzima. Akapima feni: nzima. Dakika arobaini zikaliwa.

"Solange," akasema Ottavio, tochi yake ikimulika nyuma ya bomba la maji ya kupoza, penye swichi kuu. "Njoo uone. Swichi imetiwa kufuli."

"Kufuli la nani? Asiyeliweka haruhusiwi kuliondoa!"

"Jekundu. Lina picha." Akaisogeza tochi. "Dada, picha yenyewe ni yako."

Ewe ardhi, mbona hukupasuka? Jumanne, kabla ya kutia mikono sandukuni, Solange alilifunga kufuli lile kwa usalama wake mwenyewe, mtu asije akamwashia umeme. Kisha kengele ya chakula ikalia, akaenda. Na ufunguo wake ndio uliokuwa ukimgonga pajani siku zote hizo.

Akafungua. Akapandisha swichi. Taa ya kijani, ya pili, ya tatu, mia mbili zikawaka!

"Sikiliza," Ottavio akamnong'oneza ndani ya lifti, macho kafumba. "Tuseme waya ulilegea. Nani atajua?"

Solange akalitia kufuli mfukoni.

Juu wakapokewa kwa vifijo. Ruckstuhl akampa mkono. "Nimekubali, Bi Burdet. Lilikuwa na nini?"

Ottavio akamkanyaga mguu. Solange akauvuta mguu wake, akashika kitabu cha zamu, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu. Kipande cha sita kimeamka. Sanduku halina kosa. Kufuli lilisahauliwa na S. Burdet, limeondolewa na S. Burdet."

Watu wote wakamgeukia. Masikio ya Solange yakawaka moto kwa aibu.

"Kumbe adui alikuwa wewe?" akasema Ruckstuhl.

"Alikuwa mimi, Daktari. Na nimemshinda. Kesho asubuhi atawaletea mikate ya siagi, zamu nzima, kama ilivyo ada yetu kwa mwenye kukosea."

Ruckstuhl akacheka hadi akavua miwani. Kisha akazichana grafu zake kumi na tisa, moja moja, na bisibisi akamwachia mwenyewe.

Saa kumi kamili, mwali ukarejea, na kipande cha sita kikauona.