Shavu la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Ijumaa nina usaili. Nafasi ya mapokezi! Miaka tisa nimekaa stoo ya mafaili, chumba kisicho na dirisha, chini ya taa inayopepesa kama ina kwikwi. Mapokezi kuna dirisha. Kuna watu wanaingia na kutoka. Naitaka sana kazi hiyo.

Mpinzani wangu ni mmoja tu, yule bwana wa manunuzi tunayemwita Mtanashati. Kidevu chake kinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mimi nina ndevu za wiki mbili. Kinyozi wa mtaa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na hatusemezani. Amewatangazia wateja wake kwamba kila asubuhi nasimama mbele ya kioo nikifanya mazoezi ya kukaribisha wageni. Ni kweli, lakini nani kamtuma? Sasa nikipita mtaani watu wananiambia karibu sana, tukusaidie nini. Nimemwapia mke wangu kwamba sitakaa tena kwenye kiti cha kaka yake. Viwembe vya plastiki navyo hunitoa vipele shingo nzima.

Ufumbuzi upo sandukuni: wembe wa kukunja wa marehemu baba. Alijinyoa nao maisha yake yote. Na mimi ni mwanawe wa damu.

Jumanne, 4 Machi

Wembe hunolewa kwenye ngozi. Nimemwona shemeji mara nyingi, anapitisha huku na huku wala haangalii. Nimefunga mkanda wangu wa suruali kwenye kitasa cha mlango, nikasukuma wembe kwa nguvu, makali mbele. Mkanda umekatika vipande viwili. Dalili njema. Wembe una makali!

Mkanda ninao huo mmoja tu. Nimeshinda kazini mkono mmoja mfukoni, nimeishikilia suruali kwa ndani. Mtanashati akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama tumbo linanisumbua. Nikamjibu kwamba wengine ndivyo tunavyotembea. Faili lililohitaji mikono miwili nimeliacha hukohuko juu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesikia wanaojifunza ukinyozi huanzia kwenye puto lililopakwa povu la sabuni. Puto la kwanza limepasuka kabla wembe haujatulia. Povu limeruka mpaka darini, na jingine limetua kwenye blauzi ya mke wangu aliyotoka kuipiga pasi. Akaniuliza kama haingekuwa rahisi kwenda kupatana na kaka yake. Kupatana! Mimi niliyekosewa?

Puto la pili nimelinyoa nusu nzima ndipo likapasuka. Nusu! Hayo ni maendeleo.

Alhamisi, 6 Machi

Sina nguvu. Nimejinyoa mguu mmoja kwa mazoezi. Unawasha.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe. Nimeamka alfajiri. Maji ya moto, povu, kioo. Shavu la kulia likakubali! Laini, bila hata tone la damu. Nikajisifu kwa sauti. Shavu la kushoto likagoma. Mkono wa kulia ukivuka kwenda huko unaziba kioo, kwa hiyo nikahamishia wembe mkono wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto hata kijiko haukijui. Nikajikata chini ya sikio, nikapiga kelele, nikajikata tena kwa sababu ya kelele.

Mke wangu akaja mbio. Akaona damu, akaona taulo lake, akaninyang'anya wembe akaenda kuuficha. Alisema hayuko tayari kuwa mjane kwa ajili ya mapokezi. Alisema pia kaka yake ameshafungua, ni hatua chache tu kutoka hapa. Nikamwambia heri nusu uso wenye heshima.

Njiani nikapanga mkakati. Nitakaa upande, wanione shavu la kulia tu. Na mwanzoni ulifanya kazi! Mkuu wa ofisi na mama wa utumishi walikaa mbele yangu, mimi nikajibu maswali yote nikiutazama ukuta wa kushoto kama mtu mwenye mawazo mazito. Mkuu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nililiona dirisha la mapokezi, nikaona kiti changu.

Kisha mama wa utumishi akaomba nionyeshe ninavyompokea mgeni. Akamwita tarishi aingie kama mgeni. Mlango ulikuwa kulia.

Nifanye nini? Nikageuka. Nilimkaribisha tarishi vizuri kuliko nilivyowahi kufanya mbele ya kioo. Sauti, tabasamu, mkono kifuani, vyote vilikuja vyenyewe. Tarishi akasahau kwamba anaigiza, akaanza kunieleza shida yake ya likizo. Shavu la kushoto sasa lilikuwa limewaelekea wao. Halafu mama wa utumishi akaniuliza taratibu kama nyumbani kwangu kuna amani.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amemwita kaka yake bila kuniuliza. Amekuja na mkoba wake. Nikamkumbusha mke wangu kiapo changu. Akanikalisha kwenye kigoda chetu cha jikoni, ambacho si kiti cha kaka yake, kwa hiyo kiapo kiko salama.

Shemeji huyu hanyamazi hata akipiga mswaki. Leo alinyamaza. Alinyoa shavu la kushoto akipitia pembeni mwa majeraha, mkono mwepesi, bila utani hata mmoja. Ningependa angenicheka. Kimya kile kiliniumiza kuliko wembe. Mwisho akamwomba dada yake wembe wa baba yangu, akauangalia, akasema ni mzuri sana ila nimeuharibu. Ukinoa kwenye ngozi, mgongo wa wembe hutangulia, makali hufuata nyuma. Akasema pia kwamba yale maneno aliyowaambia wateja yalimponyoka, na kwamba kila Ijumaa ataniwekea nafasi ya kwanza. Nikamwambia nitafikiri.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi amepata Mtanashati. Mkuu ameniambia hawajawahi kusikia mtu akikaribisha mgeni vizuri namna ile, ila mgeni asingejua asikilize au atafute bandeji. Nimerudi stoo. Taa inapepesa. Nimekaa nikasikia watu wakicheka huko mapokezi, na kwa kweli nimeumia.

Lakini nimetafakari. Kosa nimeliona: mlango ulikuwa upande mbaya. Mwisho wa mwezi wanatafuta msaidizi wa mapokezi, na nimeshapita pale kuangalia. Kiti kikisogezwa kidogo tu, mgeni ataingilia kushoto.

Shemeji ametuma salamu kwamba Ijumaa ananisubiri. Nimefikiri kama nilivyoahidi. Siendi. Eti mgongo hutangulia! Kinyozi gani atampa mteja siri ya kazi? Wembe nimeupata kwenye pipa la unga, mke wangu alikouficha tena. Nimenunua na mkanda mpya, wa ngozi nene kuliko ule, nao uko tayari kwenye kitasa. Makali mbele.