Mtu Asimuulize Léonie Chumvi Iko Wapi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nina wazo! Limenifanya nisahau chai mpaka ikapoa. Tarehe 16 mke wangu Léonie anatimiza miaka hamsini. Jana nilimuuliza anataka zawadi gani. Nilitegemea aseme kitenge, au viatu. Akafikiri huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya jioni, kisha akasema, "Minataka siku mbili pembeni ya maji, na kitabu changu. Na mutu asiniulize chumvi iko wapi."

Basi! Sisi tunakaa mtaa wa Himbi, karibu na ziwa, ila upande ule ambao ziwa halionekani. Maji tunayoyaona ni ya bidoni, haya madumu ya jikoni.

Kitabu chenyewe ni riwaya nene ya Kifaransa, imeng'oka jalada. Dada watatu, duka lao la mikate, na moto ulioliteketeza. Nani alichoma? Hapo ndipo penye utamu. Léonie alianza kuisoma binti yetu Aksanti akiwa sekondari. Sasa Aksanti ana kazi yake Bukavu. Kila Léonie akikaribia katikati, mgeni anabisha hodi. Akija kurudi kitabuni amesahau nani ni mdogo wa nani, anaanza tena mwanzo. Alama yake ni uzi wa kitenge, na uzi huo haujawahi kuvuka nusu.

Mwaka huu utavuka. Nimeapa.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mahali pamepatikana. Idjwi! Masista wana nyumba ya wageni kule kisiwani, mlango unatazama maji, sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, kila siku. Nimewapigia simu nikiwa kazini, nimejificha nyuma ya mifuko ya saruji. Chumba kipo.

Shida si chumba, shida ni watu. Hapa kwetu husemi hovyo kwamba unasafiri. Ukisema tu, mmoja atakupa maharagwe umpelekee shangazi yake, mwingine atakupa shangazi mwenyewe. Halafu yuko Émérance, dada mkubwa wa Léonie. Alitoka Bukavu wakati wa Pasaka kutusalimia wiki moja. Bado anatusalimia. Émérance huongea hata akiwa anapiga mswaki. Akisikia neno boti, tutamkuta ameshakaa ndani.

Na Bashige je? Jirani yangu, prezida wa shirika letu, yaani sisi Wakatoliki wa barabara moja tunaosali pamoja kila wiki. Kila uchaguzi ananishinda. Mwaka jana alikwenda Idjwi na mkewe, akarudi na kofia ya majani, na mpaka leo anaivaa hata msibani. Akijua ninakwenda, atanisimulia kisiwa chote kabla sijakiona.

Kwa hiyo: siri kabisa.

Halafu nikafanya jambo moja la busara. Mtu hampeleki mkewe ng'ambo ya maji kwa ajili ya kitabu asichojua mwisho wake kama ni mzuri. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Huo tu. Kumbe ni mama mkwe! Mama mkwe ndiye aliyechoma duka! Yule mama ambaye Léonie hunisimulia anawapelekea kahawa kila sura! Sasa neno limenikaa kooni, na nyumba nzima sina wa kumwambia.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Émérance ameona begi. Akauliza linakwenda wapi. Nikababaika kidogo, kisha akili ikaja yenyewe. Nikamwambia mimi na Léonie tunakwenda retreti, siku mbili za sala na kimya. Kimya kabisa, nikasisitiza.

Uso wake ulishuka. Akasema Mungu atubariki, akaenda zake jikoni. Nani atamfuata mtu kwenye kimya? Nilijipongeza kwa soda.

Léonie naye akaniuliza tangu lini mimi ni mtu wa retreti. Nikamnong'oneza ukweli wote: kisiwa, mlango unaotazama maji, kitabu. Alicheka mpaka akaweka mchi chini. Akaniita Buhendwa. Kwa kawaida mimi ni Papa Aksanti tu, kama baba yeyote wa barabara hii. Buhendwa lilikuwa jina la wakati wa uchumba. Moyo wangu ulifurahi mno.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Mambo yameharibika. Nilisahau kitu ambacho hata katekista mchanga anakijua: kwetu retreti si ya mtu binafsi. Anayekwenda anaombewa, na anapewa nia za watu akaziweke mbele ya Mungu. Émérance alikwishapeleka habari. Leo kwenye shirika Bashige akasimama, kofia mkononi, akasema Roho amesema kupitia Papa Aksanti. Akasema tumekauka sisi, miaka mingi hatujafanya retreti. "Hakuna mutu atabakia! Tunaenda sisi wote!"

Makofi. Émérance alipiga makofi kuliko wote, kwa kuwa kimya cha watu wengi hakimtishi. Mimi pia nikapiga, ningefanya nini?

Masista wamejibu kwamba nafasi ipo, karibuni. Bashige ameshapanga. Rozari alfajiri. Mafundisho, mwalimu ni yeye. Ngoma mbili. Na kwa kuwa mkono wa Mama Aksanti unajulikana, yeye ataongoza jikoni.

Jikoni! Nilimtazama Léonie. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, anafungafunga ncha ya kitenge chake. Nyumbani alirudisha kitabu juu ya kabati. Nimeumia. Lakini sijashindwa.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Ushindi! Tena mara mbili, ingawa ule wa pili una kasoro.

Wa kwanza. Nilimpigia Sista Christa, mkubwa wa ile nyumba. Nikamwambia kundi letu lina kiu ya kimya cha kweli, ila lina aibu kuomba. Alifurahi, maskini. Akasema basi itakuwa kimya toka kushuka botini mpaka kupanda. Hakuna ngoma. Hakuna mafundisho, kila mtu na kitabu chake cha kiroho. Simu zinakabidhiwa mlangoni. Kupika watapika masista wenyewe. Bashige aliposomewa masharti alimeza mate mara kadhaa, lakini nani atabishana na sista juu ya kimya? Léonie aliteremsha kitabu kabatini. Akakivika karatasi ya kalenda yenye picha ya Bikira Maria. Kiroho kabisa.

Wa pili. Nilitaka Bashige abaki. Kofia ile mbele ya macho yangu siku mbili, hapana. Kwenye kikao nikaomba neno. Nikasema barabara haiwezi kuachwa tupu, kuna kuku, kuna sungura, kuna milango. Lazima abaki mmoja, na huyo mmoja ni nani kama si kiongozi? Nikataja mchungaji mwema. Nikasema prezida wa kweli hujinyima yeye ili wengine wapate. Niliongea vizuri, nasema kweli, mpaka mama mmoja akafuta machozi.

Bashige alisikiliza, kofia magotini. Kisha akasimama. Akasema nimemgusa, na amejiona jinsi asivyofaa. Anayeuelewa uprezida namna hii ndiye prezida. Akajiuzulu palepale, akapendekeza jina langu.

Wote mikono juu. Miaka yote nilitamani kuchaguliwa, na leo nimechaguliwa bila hata mpinzani.

Ninabaki.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Misa ya Kupalizwa Bikira Maria, kisha bandarini. Mizigo ilishuka kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wenyewe nyuma wakiimba. Nilimwambia Léonie kwamba nitaahirisha, nitaugua ghafla, nitafanya kitu. Akanishika mkono. Akasema asiyejua kuaga ndiye anayechelewesha boti, na kwamba yeye ataniwekea nafasi pembeni ya maji. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Ningependa awe nayo kidogo.

Bashige alinipungia kwa kofia. Nina funguo za barabara nzima kiunoni, natembea ninalia kama ng'ombe mwenye kengele.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Heri ya kuzaliwa, Léonie! Nimesema kwa sauti, nyumba ikanisikia.

Nimelisha sungura wa Bashige. Nimefukuza mbuzi wa jirani. Nimekaanga sambaza. Kisha nikatafuta chumvi. Nimefungua makopo yote: sukari, majani ya chai, sindano za Léonie, chambo cha panya. Chumvi hakuna. Nikachukua simu nimuulize. Imezimwa. Nikampigia Émérance. Imezimwa. Nikakumbuka ni nani aliyeagiza simu zikabidhiwe mlangoni.

Nilipopeleka maji kwa sungura nikachungulia jikoni kwa Bashige. Kopo katikati ya rafu, limeandikwa CHUMVI kwa herufi kubwa. Nikachota. Nitamrudishia, ila sitampa sifa.

Nilikula peke yangu. Nikamfikiria ameketi, miguu majini, uzi unasogea. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Na nilimkumbuka pia, nisilidanganye daftari langu mwenyewe.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Wamerudi! Émérance hasemi sana, ameanza kuonyesha vitu kwa kidole. Bashige amekuja kunishukuru. Amelala kama mtoto, anasema uprezida ulikuwa unamnyima usingizi. Nimemwomba aurudishe. Amekataa kwa upole wa mtu aliyetoka retreti.

Na Léonie! Jua liko usoni, hatua nyepesi. Ameketi, akavua karatasi ya kalenda, akanionyesha uzi. Umevuka nusu, umevuka kila kitu, zimebaki kurasa chache tu za mwisho. Akasema aliketi juu ya jiwe tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Akafika karibu na mwisho, akasimama kwa makusudi. "Nilisema hapana, hii mwisho nitaisomea kwetu, na Buhendwa pembeni. Njo weye ulinipa hii safari."

Sijawahi kupewa kitu kizuri hivyo. Nikasogeza kiti. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama zamani alivyokuwa akinisomea habari za magazeti. Polisi wameingia. Dada watatu wamesimama ukutani, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Mama mkwe analeta kahawa. Furaha ilinijaa mpaka juu, sikuweza kuizuia. Nikasema, "Muone anavyowamiminia, na kiberiti bado kiko mufukoni mwake!"

Kimya. Masista hawana kimya kama hicho.

Léonie aliweka kidole kwenye mstari. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika sokoni akakuta wamefunga. Akasema, "Weye ulisoma mwisho." Nikajitetea kwamba ni ukurasa mmoja tu, na kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake. Akafunga kitabu, uzi ndani, mahali palepale. Akasema leo nipike mimi. Na nisimuulize kitu.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Nimetengeneza kila kitu! Saa ya mapumziko nilikwenda kwa yule muuza vitabu vya mitumba. Nimempatia Léonie riwaya mpya, nene kuliko ile, jalada lipo. Kijiji, hospitali, urithi, mtu amepotea. Mwakani anatimiza hamsini na moja, tutakwenda sisi wawili tu. Sitataja retreti tena, hapo ndipo nilipokosea. Nitasema ninaumwa, ninakwenda kutibiwa Bukavu. Nani atamfuata mgonjwa?

Amekipokea kitabu. Hajacheka, lakini amechomoa uzi kwenye kile cha zamani, akauweka kwenye ukurasa wa kwanza wa hiki. Akauliza kama nimekifungua. Nikamwambia hapana.

Na sijakifungua, kweli. Nimetazama ukurasa wa mwisho tu, pale pale kwa muuzaji, ili nisimletee kitu kibaya. Kumbe ni daktari!