Kompyuta Ndani ya Tangi la Samaki

Jumatatu, 12 Mei
Kompyuta imezimika mara nne. Joto. Dada, mwenye ofisi hii ya kuchapa, amesafiri hadi Jumamosi na kuniachia funguo. Fundi redio wa chumba cha pili kachungulia, kasema feni imejaa vumbi, niipige brashi. Brashi! Nimesoma kwamba vituo vikubwa huzamisha kompyuta nzima kwenye kimiminika kisichopitisha umeme, nacho hufyonza joto kuliko upepo. Sisi tumepungukiwa nini?

Jumanne, 13 Mei
Nimeazima tangi la samaki la shemeji. Nimemwambia nalisugua. Samaki wapo kwenye beseni, wamenuna. Maji hayafai, yanapitisha umeme. Nimechukua mafuta ya kupaka watoto wachanga, yale maangavu, chupa arobaini. Muuza dawa akauliza kama nimepata pacha. Nikasema watatu. Akanipongeza, akanichagulia na kofia tatu ndogo.

Jumatano, 14 Mei
Imewezekana. Nimeifungua kompyuta, nikaizamisha yote, nikaiwasha. Saa tatu nzima bila kuzimika. Wateja wamejaa mlangoni. Fundi kaja, mikono nyuma, kauliza kama diski, inayohifadhi kazi zote, nimeiacha nje, maana ile inazunguka na ina kitundu cha kupumulia. Nikamwambia wivu haumfai mtu wa umri wake. Kaondoka.
Alasiri kaja Mwalimu mstaafu. Kila siku ananisimulia maisha ya marehemu mkewe, mimi nachapa. Tumefika ukurasa wa mia na kumi.

Alhamisi, 15 Mei
Diski imekufa. Mafuta yameingia kwenye kitundu. Isitoshe, yamepanda na nyaya hadi kwenye kibodi, meza, na fomu za watu za kuombea kazi. Fomu zinaangaza kama vioo.
Mwalimu kafika saa nne. Nikamweleza kitaalamu. Hakugomba. Aliketi, akaomba maji ya kunywa, akasema kuna mambo aliyasimulia mara moja tu na hana hakika kama atayakumbuka tena. Nikampangusia kiti, kikazidi kuteleza.

Ijumaa, 16 Mei
Kumbe fundi anayo nakala ya kila kitu cha hadi wiki iliyopita. Dada alimwomba kabla ya safari. Inasemekana alimwambia, “Namfahamu mdogo wangu.” Sijui alikusudia nini. Mwalimu kapata kurasa mia na mbili. Nane za wiki hii zimepotea, zile za harusi yake. Nikasema harusi ni rahisi kukumbuka. Akakusanya kurasa zake, akahamia chumba cha pili. Nilimsikia kupitia ukutani akianza upya, polepole, na fundi akimwambia, “Hatuna haraka, Mwalimu.” Mle ndani mna kompyuta kuukuu iliyopigwa brashi. Haijazimika.

Jumamosi, 17 Mei
Dada karudi. Kateleza mlangoni, kashikilia meza, nayo ikateleza. Alipoweza kusema, alisema kuanzia leo kompyuta nisiiguse. Nitakaa kwenye mashine ya kutolea nakala tu. Nimekubali. Makosa nayaelewa: mafuta yalikuwa machache.
Mashine ya nakala nayo inachemka mno ikifika karatasi ya mia mbili. Dada haoni haya mambo. Nimeipima kwa rula. Kwenye pipa la maji la uani, nikilijaza mafuta, inaingia vizuri, ikitangulia kichwa.